Guyo Alianguka, Mjomba Akacheka

Bulla Pesa, Jumapili

Bado nina hasira. Leo kaka yangu Guyo alishindana keirin, mbio za baiskeli uwanjani, kwenye mashindano ya dunia, Mkenya pekee, na duka letu hapa Isiolo lilijaa watu wa kutazama kwa simu yangu.

Pikipiki inayowaongoza mizunguko ya kwanza ilipotoka, wote sita wakachomoka. Mzunguko wa mwisho Guyo alikuwa wa tatu. Mpinzani mmoja akamkatia njia, akamgonga bega, Guyo akaanguka.

Mjomba Wario akacheka. "Si nilisema? Baiskeli ni ya kubeba maji!"

Nikamwambia, "Toka." Mbele ya Mama! Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo, na sijuti. Akatoka na nusu ya watu. Hawakumwona Guyo akiinuka, akiburuta baiskeli kwa mkono mmoja, akivuka mstari kwa miguu.

Jioni akapiga simu kutoka hospitali. Bega limevunjika. Naogopa hataendesha tena.

"Mama aliona?" akauliza.

"Hapana," nikadanganya. "Bando iliisha."

Mama akaninyang'anya simu. "Niliona yote. Umevunjika, ulikuwa unaburuta hiyo baiskeli ya nini?"

Nikamsikia akijibu polepole, "Sikutaka waandike sikumaliza, Mama."