Pesa ya Mama Josefina

Mujukuu wangu Furaha,

Amani ikufikie uko Goma. Huku Kingi tuko, maharagi imetoa maua, na mugongo ya mama yako imepona. Habari ya barabara, tuiache.

Unaniuliza kama urudishe pesa yenye dada mwenye anauzisha mu butike alikuzidishia bila kujua, juu wenzako wanasema patron wake, mwenye butike, iko tajiri. Sikiliza.

Nikiwa musichana, nilikuwa navuna maua ya pareto kwa shamba ya patron mumoja. Siku ya mushahara, Mama Josefina, mwenye alikuwa anatulipa, akanipatia pesa ya watu wawili. Wenzangu wakaninong'oneza: "Ficha! Ule patron anatuibiaka kila siku."

Walisema kweli. Lakini pesa ikipunguka, ilikuwa inakatwa kwa mushahara ya Josefina. Patron hangepoteza kitu. Nikarudi, nikamuwekea ile pesa mu mukono.

Patron akaona. Akanitolea noti, akacheka: "Kamata, binti, zawadi ya roho muzuri."

Nikamuambia mbele ya wote: "Hapana, Papa. Usinilipe juu sikuiba. Utulipe muzuri juu tunatumika kazi yako."

Akanifukuza palepale. Nilishuka kilima kichwa juu, na mpaka leo sijakiinamisha.

Rudisha basi, mu mukono wa ule dada mwenyewe. Na patron wake akikuja kukusifu, muulize mbele ya watu: huyu dada unamulipaka ngapi?

Koko wako, mwenye hajajifunza kunyamaza.