Umeme Unaobaki Baada ya Kuzima

Mke wangu Mama Salma,

Nakuandikia nikiwa barazani, upande ule ulikokuwa ukiweka cherehani yako. Ni saa nne asubuhi. Mwanetu Salma amerudi Miono kufundisha tangu jana, na nyumba imetulia. Nataka nikuhadithie amplifaya imeishia wapi, maana uliondoka kabla haijakamilika, na nusu ya kazi ile ni yako, ingawa ulikuwa ukisema hujui hata chanya na hasi.

Unakumbuka ilivyoanza. Nilikuwa nimestaafu ufundi wa umeme wa boti kule Mbegani, sina la kufanya, nakuzungukazunguka wewe na vitambaa vyako hadi ukachoka. Siku moja nikarudi na sanduku la vipuri kutoka kwa fundi redio aliyekuwa akifunga duka lake. Ndani mlikuwa na zile taa za kioo za redio za zamani, na transfoma nzito kama jiwe la kusagia. Nikakwambia nitakutengenezea amplifaya ya kusikilizia taarabu zako.

"Kwani redio tuliyonayo ina ubaya gani?" ukauliza.

Nikasema haina ubaya, ila sauti yake haina joto. Ukacheka, ukasema Bagamoyo joto halijawahi kupungua.

Kuzifunga zile taa si kazi ngumu. Kazi ni kuzilisha. Umeme wa ukutani hauzitoshi. Zinataka volti zaidi ya mia tatu, tena umeme unaokwenda upande mmoja, uliotulia. Nikaanza kuchora michoro nyuma ya karatasi zako za vipimo vya sare, na nikakosea mapema kabisa. Transfoma ilitoa volti mia mbili na hamsini. Nikanunua kapasita, vile vikopo vinavyohifadhi umeme na kuutuliza, za volti mia tatu, nikaona nimeacha nafasi ya kutosha. Nikasahau kwamba umeme wa namna ile ukishanyooshwa uende upande mmoja, unapanda. Nilipowasha, kikopo kimoja kilipasuka kama fataki, vipande vya karatasi vikarukia sare za shule ulizokwisha kuzikunja. Hukugomba. Ulizipangusa moja moja, kisha ukauliza, "Hiki ndicho ulichokifanya Mbegani miaka yote hiyo?"

Kwa kweli sicho. Umeme wa boti zetu ulikuwa wa betri, volti ishirini na nne, umeme unaomvumilia mtu mzembe. Huu mwingine haumvumilii mtu. Nikatafuta vikopo vikubwa zaidi, vikafanya kazi vizuri. Nikazima, nikachomoa plagi, nikaingiza mkono kurekebisha waya mmoja. Nikajikuta chini, mgongo kwenye kabati, mkono umekufa ganzi hadi begani. Ulipokuja mbio nikakwambia nimeteleza. Ukanishika mkono, ukakuta kidole kimeungua.

"Baba Salma," ukasema polepole, "mimi sikuolewa na amplifaya. Kitu hiki kitoke nyumbani kwangu."

Nikakisukuma chini ya kitanda, na kwangu mimi huko ndiko kukitoa. Siku zile tulikuwa tukisalimiana kama wapangaji. Iliniuma kuliko ule umeme, kwa sababu nilikudanganya, nawe ulijua.

Wewe ndiwe uliyeanza kunisemesha tena. Tulikuwa tunakunywa chai, ukaweka kikombe chini.

"Lakini ulisema ulikuwa umezima."

"Nilizima, na plagi nikachomoa."

"Sasa umeme uliokupiga ulitoka wapi?"

Nikakueleza kwamba vile vikopo hubaki na umeme wao hata baada ya kuzima. Ukafikiri kidogo. "Kama jiko la mkaa," ukasema. "Nikiepua sufuria, jiko halipoi papo hapo. Lakini mimi makaa nayatoa nikayamwagia maji. Wewe ya kwako unayamwaga wapi?"

Kifaa cha kuumwaga umeme ule ni rezista moja tu, kitu kidogo kuliko kidole, na nilikiacha kwa haraka zangu. Kesho yake nikaanza mchoro upya, nawe umekaa kando yangu. Rezista ikawa ya kwanza kuchorwa. Wewe ukaongeza sharti: nisifungue kitu mpaka wewe uwe umesimama penye swichi, na mimi nisome mita kwa sauti.

"Mia tatu na ishirini," nasoma. "Mia na tisini. Sitini. Kumi. Sifuri."

"Haya, gusa."

Sijui kama nilikwambia, lakini zile zilikuwa saa zangu bora tangu nistaafu.

Kuna jambo hukuwahi kulijua. Ulipopelekwa hospitali Dar mara ya kwanza, nilirudi kukuchukulia nguo, nikaifungua amplifaya peke yangu, bila mita. Sikuumia. Nilifungua nipate kuishughulisha mikono, basi. Nisamehe hilo.

Uliporudi iliimba, lakini ilinguruma. Ulisikiliza wimbo mzima ukiwa umeegemea mto, ukasema, "Inaimba vizuri, ila nyuma kuna mtu anasaga mahindi." Nikakuahidi nitamfukuza. Wiki chache baadaye tukakuzika, na sikuigusa tena kwa muda mrefu.

Salma ndiye aliyeitoa, likizo ya kabla ya hii. Aliiweka mezani, akafuta vumbi, akasema, "Baba, mama aliniambia bado inanguruma." Tukakaa naye siku nne. Tukaweka koili kubwa katikati ya vikopo viwili ili kuulainisha umeme zaidi, na transfoma tukaihamishia mbali na taa. Hesabu alizifanya yeye, nami nikazirudia, akanikuta nimekosea mara mbili. Mwanao hana huruma kwenye hesabu. Alisimama penye swichi bila kuambiwa.

Tulipowasha hatukusikia chochote. Taa zimeiva rangi ya chungwa, spika kimya kabisa. Salma akanitazama, nami nikaanza kutafuta nilipokosea. Kumbe haikuwa imekufa. Ni ngurumo tu iliyokuwa imetoweka, ndiyo maana tulidhani imekufa. Wimbo ukaingia, fidla ikatangulia, halafu yule mwimbaji umpendaye, na tulimsikia hata akivuta pumzi kabla ya kuimba. Salma alilia. Mimi nilikaa kwenye kiti chako, nikasikiliza mpaka mwisho.

Tangu hapo, kila baada ya swala ya adhuhuri nawasha kidogo. Mwanzoni nilikuwa naona haya. Nilidhani mtu akifurahi ndani ya nyumba aliyofiwa, anamwibia marehemu. Siku hizi sidhani hivyo. Nakula vizuri, nalala vizuri, nimenenepa kidogo, na juzi jirani yetu wa mkono wa kulia amenisikia nikiimba, naye unamjua kwa kupeleka habari.

Nina furaha, Mama Salma. Nilitaka uisikie kwangu kwanza.

Mwenyezi Mungu akupe nuru huko uliko.

Mumeo,
Baba Salma