Pampu Kongwe Haizimwi

Kwa dada yangu mpenzi, mama yangu wa pili,

Pokea salamu zangu nyingi zenye heshima, na kabla ya yote umfikishie Mama shikamoo yake, maana najua amekaa hapo anangoja usome kwa sauti. Mwambie mwanawe anamsalimu, mkwewe anamsalimu, na wajukuu wote wanamsalimu. Kisha mwambie barua ni ndefu na macho yako yamechoka, uingie nayo chumbani ufunge mlango. Uongo huo mdogo nitautubia mimi.

Tangu tulipofundishwa kuandika barua, mstari unaofuata salamu ni ule ule: mimi ni mzima, hofu ni kwenu mlio mbali. Leo nimekaa mbele ya mstari huo mpaka chai imepoa. Hofu ni kwenu, hiyo ni kweli tupu. Lakini hilo la mimi ni mzima, mkono umegoma kuliandika. Moyo wangu ni mgonjwa, dada. Madaktari wanataka kuusimamisha, wautengeneze, kisha upige tena, na mimi nimekuwa nikikataa.

Ningepiga simu, ila pumzi yangu ingenisema kwa Mama kabla sijasema. Ndiyo maana barua hii nimempa Nati, mwenzangu wa chumba cha pampu, kwa kuwa likizo yake inaanza leo na inampitisha kwenu. Mpe maji, na umpe kiti imara, maana jina ni Nati lakini mwili ni tangi. Nimemwagiza asiondoke mpaka umalize kusoma. Sababu utaiona.

Barua yako niliipata. Nimeshukuru kusikia paa halivuji tena na Mama anakula vizuri. Nimesikia pia habari za Kasuku, mjukuu wetu, kwamba koo lililokuwa likimuuma lilipona lenyewe, ila sasa magoti yanamuuma na majirani wanasema ni kurefuka tu. Hilo nitalirudia, dada. Kwanza nikueleze yangu.

Kwangu ilianza na ngazi. Unaijua kazi yangu: jengo refu, watu juu, mimi chini kabisa na pampu inayowapandishia maji. Kila asubuhi hupanda mpaka kwenye matangi ya juu kuangalia kama yamejaa. Nikaanza kupumzika katikati. Kisha nikaanza kupumzika kabla ya katikati. Nati akalitangazia jengo zima kwamba siku hizi napanda kama bwana harusi aliyebadili mawazo. Nikamjibu haraka haraka haina baraka, tukacheka, mambo yakaisha. Au nilidhani yameisha.

Baadaye miguu ikavimba. Nikamwambia mke wangu viatu vimelowa mvua vikapungua. Akanitazama, akaniuliza kama na kandambili nazo zimelowa zikapungua. Halafu nikashindwa kulala chali. Nikilala tu, kifua kinajaa kama mtu anayezama, mpaka niinuke. Nikawa nalala nimeegemea mito yote ya nyumba, watoto wamebaki na mashuka yaliyokunjwa chini ya vichwa. Mke wangu akasema ninalala kama mtu anayengoja mgeni, na mgeni huyo yeye hamtaki. Asubuhi akanishika mkono kama mtoto mtoro, tukaenda hospitali.

Daktari wa moyo ni mwanamke mpole, umri wake kama binti yako wa kwanza, naye aliniita fundi tangu mwanzo. Alinichorea. Akasema moyo una vyumba vinne, viwili juu, viwili chini. Upande wa kulia unapokea damu iliyochoka kutoka mwilini, unaisukuma kwenye mapafu ipate hewa. Upande wa kushoto unaipokea kutoka mapafuni ikiwa safi, unaisukuma mwili mzima, kuanzia utosini mpaka kucha za miguu. Inakwenda kwa mishipa minene inayogawanyika mpaka inakuwa myembamba kuliko unywele, inaacha hewa na chakula, inazoa uchafu, inarudi kwa mishipa mingine. Na penye njia za kutokea vyumba hivyo pana vali, milango inayofunguka upande mmoja tu, ili damu iliyokwisha kwenda isirudi nyuma.

Nisikufiche, nilifurahi. Nilikuwa kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Mambo hayo mimi ninaishi nayo! Nikamwambia hata sisi tunayo vali ya namna hiyo, ikichoka maji yanarudi, pampu inasukuma maji yale yale mara mbili, inapata moto bure na watu wa juu hawaoni kitu. Akasema, ndiyo hivyo hasa, fundi.

Kisha akanivalisha masikioni kile kifaa chao cha kusikilizia. Kwanza ncha yake aliiweka kwenye kifua cha mke wangu. Dada, miaka yote hii nimelala kando ya mwanamke huyu, sikuwahi kusikia kilichomo ndani. Du-dup, du-dup, mlango unafunga, mlango unafunga, safi, kama seremala mzuri ndiye aliyeutia. Akakihamishia kwangu. Kati ya pigo na pigo nikasikia kitu kama mtu anavuta pumzi kupitia meno. Shhh. Sauti hiyo naijua. Ni maji yanarudi. Furaha yote ikaniishia pale pale, nikakivua mwenyewe.

Akanieleza kwamba vali ya upande wa kushoto imekakamaa na kukunjamana, haifungi. Damu inarudi nyuma mpaka mapafuni, ndiyo ile hali ya kuzama. Vidonge vitapunguza maji mwilini, lakini vidonge havishoni vali. Inabidi kufungua kifua, moyo usimamishwe, vali ishonwe, na ikishindikana iwekwe nyingine ya kutengenezwa. Nikauliza kama hawawezi kuitengeneza moyo ukiwa unafanya kazi. Akasema hii yangu haiwezekani, huwezi kushona nguo iliyovaliwa na mtu anayekimbia. Kuna mashine itakayoshika kazi ya moyo na mapafu kwa muda huo, inapokea damu, inaitia hewa, inairudisha.

Nikamwambia nitafikiri. Dada, sikuwa na nia ya kufikiri.

Sasa nikueleze hofu yangu, maana mke wangu haielewi, na Nati peke yake ndiye aliyeielewa. Pampu yetu ni kongwe, tunaiita Bibi. Aliyenifundisha kazi aliniachia amri moja tu: pampu kongwe haizimwi. Ikiwa inazunguka, inazunguka kwa mazoea. Ukiizima, kutu inakamata, na ukibonyeza swichi inanguruma tu kama mbwa mgonjwa. Jambo hilo nimeliona kwa macho yangu. Alikuja mhandisi, kijana mzuri, akaamuru Bibi azimwe asafishwe. Tulimsafisha akang'aa kama sufuria ya bi harusi, na hakuwaka. Wazee walipanda ngazi na ndoo mpaka tulipopata fundi wa kumfumua mzima mzima. Tangu siku ile kila kitu namfanyia akiwa anazunguka. Nakaza akizunguka, natia grisi akizunguka. Basi mtu kama mimi ukimwambia moyo wake, ambao haujazimwa hata mara moja tangu azaliwe, uzimwe, atakusikiaje?

Nikawa naomba. Niliomba kila sala, nikimwambia Mwenyezi Mungu kwamba Yeye hahitaji kuuzima, aurekebishe ukiwa unapiga. Miguu ikaendelea kuvimba. Siku moja tunakunja nguo mke wangu akasema, bila kuniangalia, kwamba kama mimi ni pampu basi yeye ndiye mpangaji wa ghorofa ya juu kabisa. Maji yakipungua, kwake ndiko yanakokatika kwanza, na hakuna anayemuuliza.

Nikaenda kazini nikiwa na hasira ya mtu aliyeambiwa kweli.

Ndipo ikaja barua yako, nikaisoma kwenye chumba cha pampu, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilipofika pale ulipoandika kwamba goti la Kasuku lilivimba likapoa, likafuata la pili, likafuata kifundo cha mguu, na kwamba hata shuka likimgusa analia, nilisimama. Nikasoma tena. Dada, daktari alikuwa ameniuliza kama nilipokuwa mdogo niliwahi kuugua koo na baadaye viungo. Nikamjibu hapana, mimi nilikuwa mtoto mzima kama jiwe. Nilimjibu hivyo nikiamini, maana mtu huyakumbuka maumivu yaliyomwachia kovu la kuonekana, na magoti yangu hayakuniachia kitu. Lakini nilipoyasoma ya Kasuku kwa mwandiko wako, nilikumbuka mgongo wako. Nilikumbuka harufu ya sabuni kwenye kola ya sare yako. Magoti yangu yalikuwa kama maboga na wewe ulinibeba kwenda shule, unanitishia kwamba nikikulowesha mate utanitupa mtaroni. Mama alinikanda kwa maji ya moto akiniombea, na nikapona, na sote tukamshukuru Mungu.

Nikarudi hospitali siku ile ile. Sikwenda kwa ajili yangu. Nilimsomea daktari ule ukurasa wako. Akaacha kalamu. Akasema inafanana sana na homa ya baridi yabisi, ingawa hawezi kuapa bila kumpima mtoto. Vijidudu vinaingia kooni, askari wa mwili wanaamka kuvipiga, na vikiisha wale askari hawaachi, wanageukia wenye nyumba. Wanapiga viungo, na viungo hupona bila alama. Wanapiga na vali za moyo, na zenyewe haziponi hivyo. Kila koo jipya wanarudi kupiga pale pale, na mtu anakua, anaoa, anafanya kazi, hajui, mpaka ngazi zinapomshinda. Akasema mtoto akiwahiwa na kutibiwa, kisha akachomwa sindano kwa mpangilio ili asiugue tena koo la namna ile, kwa wengi moyo huokoka. Lakini awahiwe. Alilirudia neno hilo akiwa amenishika mkono.

Nikataka kuondoka nikakupigie simu. Akaniuliza, na wewe fundi? Ndipo nikamwambia habari ya Bibi, yote, mpaka ya mbwa mgonjwa. Hakucheka. Aliniambia hawezi kuniahidi, kwamba wapo wasioamka, wachache, lakini wapo. Kisha akasema hivi: "Pampu yako inangoja mtu abonyeze swichi, fundi. Moyo haungoji mtu. Una cheche yake wenyewe, kwenye chumba cha juu, kulia. Tukiurudishia damu ya moto, mara nyingi unaanza wenyewe kabla hatujaugusa. Hata ule wa kwanza, tumboni mwa mama yako, nani aliuwasha?"

Nilijua jibu, dada. Nimelijua tangu nilipofundishwa kusali. Ajabu ni kwamba nilimwamini Yeye kwa kila kitu isipokuwa kwa swichi.

Hata hivyo nisijifanye shujaa. Maneno hayo yalinigusa lakini hayakunisukuma. Kilichonisukuma ni kwamba nilijiona nimeshika simu nakuambia umpeleke mtoto kwa madaktari, nawe unaniuliza wewe ulipokwenda walikuambia nini, nami nakujibu nini? Kwamba niliwakimbia? Ungemwacha mtoto nyumbani, na ungekuwa na haki. Basi nimekubali. Wananilaza Jumatatu. Mke wangu nilipomwambia aliendelea kupepeta mchele, akapepeta mpaka ukawa unamwagika nje ya ungo, ndipo nikaona analia. Bado naogopa. Jana nilimsikiliza Bibi akinguruma nikajikuta nimeweka kiganja juu yake, namwomba samahani sijui ya nini.

Usimwambie Mama kwamba ni yale magoti. Wala wewe usijilaumu hata chembe. Hatukujua, na asiyejua hana deni. Niombeeni tu. Mama mwambie nimekwenda kufanyiwa matengenezo, atacheka, atasema ilikuwa inachelewa.

Salamu kwa wote wa nyumbani, kwa mzee wa jirani na ubishi wake, na kwa Kasuku mwenyewe, mwambie babu yake anataka kusikia mdomo wake tena.

Sasa ukunje barua, utoke chumbani. Nati yuko hapo, na anajua kwa nini nimemtaka angoje: akae na Mama mpaka utakaporudi. Usimtembeze mtoto kwa magoti yale. Mfunge mgongoni kama ulivyonibeba mimi, ushike njia ile ile ya shule. Unaikumbuka zahanati iliyo kabla ya kona, tuliyokuwa tunaipita kila asubuhi, mimi nimekulalia shingoni? Safari hii, dada yangu, ukifika kwenye lile geti, ingia.

Ni mimi mdogo wako, mzigo wako wa zamani,
Fundi