Saa Moja na Nusu

Pito,
Sumbawanga.
21 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Edwin,

Hamjambo huko Dar na joto lenu? Herieth na watoto wazima? Sisi tunapumua, ila baridi ya mwezi huu haina adabu. Navaa makoti mawili na bado natetemeka, majirani wanadhani nimerudia pombe.

Mahindi tumevuna kidogo. Huyu kaka yako anayejiita mkulima amevuna zaidi magugu.

Edwin, tangu siku ile ya mazishi ya mama hupokei simu, ndiyo maana naandika. Ulikuta udongo umeshawekwa, ukageuka na gari lile lile, hata maji hukunywa. Sikulaumu. Lakini hukungoja kusikia ilivyokuwa.

Ulimpigia shangazi Silvana ukamwambia, "Usihofu shangazi, nakuja kwa ndege, ni saa moja na nusu tu." Wewe ulimaanisha muda wa kukaa hewani hadi uwanja wa ndege wa Songwe, kule Mbeya. Yeye akasikia saa ya kufika. Akawatangazia wazee, "Mwanangu anaingia saa moja na nusu asubuhi!" Binamu Kasmir akaenda kukupokea uwanja wa hapa mjini, akasimama kwenye upepo peke yake. Hakuna aliyewaza kwamba ukishuka Songwe bado una Tunduma, Laela na barabara yote ile. Mimi ndiyo usiniulize, mtu ninayetapika hata kwenye basi, ndege nitazijulia wapi?

Tulikupigia, hupatikani. Baba mdogo Teodori akanung'unika, "Ndege gani hii, imepitia Zambia kununua sukari?" Watu wakacheka kidogo. Shangazi aliwazuia wazee wasizike mpaka saa tisa alasiri. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na unajua kwetu halilali wazi. Padri naye alikuwa anangojwa kwingine.

Sasa maneno yamezagaa kwamba Silvana alimzika wifi yake harakaharaka ili mtoto asimwone, na kwamba wewe ndiye uliyesema. Sijui kama ulisema. Nakuomba tu usiniambie.

Shangazi hali chakula. Ukimwekea ugali anausogeza kwa mwenzake. Juzi aliniuliza kama kaburi linaweza kufunguliwa umwone mama kidogo. Nikamwambia haiwezekani. Jana akaniuliza tena, kwa maneno yale yale.

Mpigie, mdogo wangu. Mimi nikimwambia hana kosa anaona namfariji. Wewe peke yako ndiye unayeweza kumwambia kwamba hukumtajia saa ya kufika.

Baba mdogo Teodori anakusalimu, Kasmir pia, na mke wangu Winifrida anawabusu watoto. Shangazi nilimuuliza niandike salamu gani. Akasema niache, hana uso wa kukusalimia.

Mungu awafunike nyumba nzima.

Kaka yako akupendaye hata ukinuna,
Polikarp