Tepu Nyeusi ya Gari la Mjomba

Jumapili, saa kumi jioni. Jua la leo lilianza kuchoma watu kabla hawajatoka misa ya kwanza, na hadi sasa halijapungua. Shajara yangu, nina aibu, na nimeona bora niiandike kabla Ifakara nzima haijaisimulia vibaya.

Nianze kwa kukiri. Nina ugonjwa wa kubandua.

Mimi ni fundi baiskeli. Baiskeli mpya zinakuja vipande vipande, fremu imeviringishwa nailoni, na kazi yangu ya kwanza ni kuivua yote. Wapo wateja wanaokataa. Wanataka nailoni ibaki mpaka ioze, ili jirani ajue baiskeli ni mpya. Hao tunagombana kila mara, maana kitu kikishafika kivuliwe nguo za safari.

Tepu nyeusi ndiyo siivumilii kabisa. Kwetu mafundi ni bandeji. Ukiiona kwenye usukani, kwenye redio au kwenye waya wa taa, ujue kuna kitu kimevunjika hapo na mtu amekificha.

Sasa, habari ya jana.

Wiki mbili zilizopita mshenga wangu alipeleka barua ya posa kwa kina Vero. Mama yake aliipokea vizuri, ila akasema jibu halitatoka mpaka kaka yake aje kutoka Kidatu. Baba yake Vero alishafariki, na mjomba ndiye anayesimama. Kwa hiyo maisha yangu yote yakawa mdomoni mwa mtu mmoja, Mjomba Gaudensi, ambaye sikuwahi kumtia machoni.

Jana mchana akaja, na gari lake. Jekundu, la michezo, viti viwili, paa la turubai linalokunjwa nyuma. Limelala chini kiasi kwamba kwenye matuta abiria anashuka, linavuka na dereva tu. Alilinunua kuukuu enzi akiwa fundi mitambo kwenye mashamba ya miwa, na nasikia analifuta kwa fulana zake mwenyewe.

Vero akanipigia simu. Mjomba kala, kalala, gari limejaa vumbi, njoo ulioshe akiamka alikute safi. Ushauri ulikuwa mzuri sana. Tatizo lilikuwa mimi.

Nililiosha kwa moyo wote mpaka nikafika kwenye fremu ya kioo cha mbele. Kuanzia chini kushoto, kupita juu, hadi chini kulia, ilikuwa imebandikwa tepu nyeusi. Imepauka, na kona moja imeinuka kwa jua kama inaniita. Gari zima jekundu, fremu nyeusi! Nikajisemea, maskini mzee wa watu, miaka yote anatembea na bandeji, au na nguo za safari za melini, na hakuna aliyemwonea huruma.

Nikaibandua yote.

Sitakuficha, nilisikia raha. Ilitoka vipande virefu virefu, na gundi iliyobaki nikaifuta kwa mafuta ya taa. Chini yake rangi ilikuwa nyekundu kuliko gari lote, wala hapakuwa na mkwaruzo. Nikarudi nyuma hatua mbili nikajipongeza.

Vero akatoka na kikombe cha maji. Akaangalia fremu, akaangalia tepu miguuni mwangu.

"Umeitoa?"

"Nimeitoa. Wala hapajavunjika kitu."

"Wewe! Gari limetoka nayo kiwandani, ndiyo urembo wake! Mjomba hata waosha magari wa Kidatu anawakataza kuigusa."

Mtu mwenye akili angekwenda kumwamsha mzee. Mimi nilikimbilia kibandani kwangu, nikachukua tyubu ya baiskeli, nikaikata vipande virefu, nikavibandika kwa solusheni ya pancha. Kwa mbali ilipendeza. Kwa karibu ulikuwa unasoma saizi ya tairi.

Mjomba aliamka jua linazama. Akalizunguka gari mara moja, akasema limetakata. Kisha akaniambia, "Kesho twende wote kanisani, kijana. Nataka kukujua."

Leo asubuhi akakunja paa. Nimekaa pembeni yake na shati jeupe, watu wanatupungia. Ananiuliza habari za wazazi na za kazi, namjibu kwa adabu huku jicho langu liko kwenye kona ya kioo. Solusheni hushika mpira kwa mpira. Kwenye rangi ya gari, na jua lile, ilikuwa imeshatuaga. Tulipopita Kibaoni akaongeza mwendo, kipande cha kwanza kikainuka na kumchapa shavuni. Cha pili kilimfikia kabla hajamaliza kusema "Yesu na Maria."

Gari likasimama. Wanakwaya waliokuwa wanapita kwa miguu nao wakasimama.

Mjomba akaushika mpira, akaugeuza, akausoma kwa sauti. "Ishirini na nane. Gari langu lina tairi za ishirini na nane?"

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari mdomoni. Nikamwangalia, ana mstari mweusi shavuni, nikashindwa. Nikamweleza yote, hadi mafuta ya taa.

"Kwa nini hukuniamsha?"

"Nilikuogopa, Mjomba. Nilitaka unipe Vero."

Akawasha gari tukaenda. Kwenye kutakiana amani alinipa vidole viwili tu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikijua nimeshamkosa Vero. Nilikuwa namlaumu hadi aliyevumbua gundi.

Saa nane mshenga akaja na barua ya jibu. Nikamwambia aisome yeye. Blanketi la bibi. Kitenge cha mama. Jembe la shangazi. Hapo akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kwa mjomba: tepu nyeusi ya fremu ya kioo cha mbele, ya kiwandani, siyo mpira. Muoaji aje kuibandika mwenyewe, mjomba akiwa macho."

Anayekataa posa haandiki orodha. Nimelia mbele ya mshenga, na sioni haya kusema.

Sasa nakaa kibandani najiuliza: gari ambalo liko moja tu bonde zima, tepu yake inauzwa wapi? Nitaitafuta hata kama itanipeleka Dar es Salaam.

Hapa mbele yangu kuna baiskeli mpya ya mteja, na nailoni yake yote. Naiangalia tangu saa tisa, na mikono nimeikalia. Kesho akija mwenyewe, nitamuuliza kwanza.