Picha Iliyofuata

Kambini, hifadhi ya wanyama,
Alhamisi asubuhi.

Kwako mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa kaka yako. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, pamoja na Mama na mwanao, mpwa wangu Hakimu. Mimi huku sijambo, sina neno ila vumbi la kiangazi. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mwambie ile dawa ya kuchua aimalize chupa yote, asiiache nusu kama ya mwaka jana. Aliyekuletea barua hii mpe chai, ametoka mbali. Kuhusu mchumba wako, mpiga picha wetu, sina la kusema ila shukrani. Ni mtu mwema, mwenye heshima zake, na sifa zake zimeenea kila mahali. Anakutaja kila siku, tena kwa mapenzi. Namshukuru Mungu kwa kumleta katika familia yetu.

Basi, salamu zimetosha. Sasa tuzungumze.

Juzi kwenye simu uliniuliza kazi ya kupiga picha za simba ikoje hasa, mtandao ukakatika kabla sijajibu. Ni kazi ya kukaa garini. Simba dume analala kutwa nzima, tumbo juu, nzi wamemjaa usoni, na sisi tunamtazama. Akigeuka ubavu, magari yote yanawasha injini na kusogea, kila mmoja anataka upande wa uso. Wakishampata, analala tena. Watu wamepanda ndege mbili kuja kumwangalia mnyama aliyelala, na wananong'ona utadhani wako kwenye nyumba ya ibada. Jike ndiye anayewinda. Dume anafika chakula kikiwa tayari, anawafukuza wote, watoto wakiwamo, anakula mpaka tumbo linakaribia kugusa ardhi, kisha anarudi kulala. Halafu mwanamume mzima na ndevu zake anajiita Simba mtaani, na anaona amejisifu.

Najua mchumba wako amekusimulia kwamba huwafuata kwa tumbo, akitambaa nyasini mpaka asikie pumzi zao. Mimi ndiye dereva wake tangu alipoanza kuja hapa, kwa hiyo nisikilize mimi. Yule bwana hajawahi kukanyaga nyasi za hifadhi hii. Akibanwa na haja ndogo hutumia chupa, mimi nikigeuza uso. Koti lake lina mifuko kila mahali, na ndani yake hamna kitu ila pipi za mnanaa. Ile lenzi yake ndefu huilaza dirishani juu ya mfuko wa maharage ili isitikisike, na siku panya walipoutoboa ule mfuko aligoma kutoka kambini mpaka mpishi alipompa maharage mengine. Sisi wafanyakazi tulikula wali mkavu siku ile. Na ile picha yake ya ngurumo iliyowekwa kwenye jalada la gazeti, simba amefungua kinywa mpaka koromeo linaonekana, unajua ni nini? Ni mwayo. Simba akinguruma hapanui kinywa hivyo. Nilimwambia, akanijibu kwamba hakuna mtu anayenunua mwayo.

Hayo yalinichekesha tu. Mtu akidanganywa juu ya mwayo hapotezi kitu. Debe tupu niliache litike, nilijiambia, mradi mimi naendesha gari langu na jioni nalala kwa amani.

Ila kuna ile nyingine, "Busu la Baba". Unaijua kuliko mtu yeyote, maana inaning'inia sebuleni kwako juu ya kochi, kwenye fremu yenye dhahabu ya bandia. Dume mwenye manyoya meusi ya shingoni ameinamisha kichwa, kinywa chake kimegusa utosi wa mtoto. Mtoto amelala chali, kiganja kimoja amekiinua kwenye shavu la mkubwa. Jua la jioni limewapaka wote wawili. Watu wazima wamelia mbele ya picha ile. Imepata tuzo. Iko kwenye kalenda, iko kwenye kadi za kuwapongeza wazazi, nimeiona ukutani kliniki pale wanapopimia watoto uzito. Hata benki wameitundika juu ya meza ya mikopo. Sijui ni baba gani anayembusu mtu pale.

Mimi nilikuwepo, mdogo wangu. Injini niliizima mwenyewe. Yule dume hakuwa baba wa yule mtoto. Alikuwa mgeni. Yeye na ndugu yake walikuwa wamelivamia lile kundi wiki hiyohiyo, wakampiga dume wa zamani, baba halisi, akaenda zake akichechemea. Dume mgeni akishaingia, watoto aliowakuta hana haja nao. Anawaua, ili majike wapate joto upesi na kumzalia wa kwake. Ndiyo tabia yao. Kila dereva hapa anaijua, na mchumba wako anaijua vizuri, maana mwenyewe huwaeleza wageni jioni, mkono mmoja mfukoni. Majike walikuwa wamewaficha watoto kwenye mawe. Mmoja alichelewa, akabaki nyasini. Kile kiganja unachokiona shavuni hakikuwa kinapapasa. Kilikuwa kinasukuma.

Ikapigwa picha ile, na kabla mtu hajatoa pumzi ikapigwa iliyofuata. Dume alifunga kinywa. Akamtikisa mtoto, akamwachia, akaenda kukojolea kichaka. Wala hakumla. Jike alipokuja alimwita, akamlamba, akamgeuza kwa mguu, akamwita tena. Mimi nilikuwa natazama usukani. Nyuma yangu mchumba wako alikuwa anatazama kioo cha kamera, akirudi picha mojamoja, mpaka akaifikia ile unayoijua. "Hapa," alisema. "Tunaishia hapa." Kisha akaniomba chupa ya chai.

Baadaye nilimwona jike yuleyule amelala ubavuni mwa dume yuleyule. Sikumlaumu, jike wa simba hana pa kwenda. Na dume pia simlaumu. Hakuja na maua, wala hakumletea yule mtoto viatu vyekundu kwanza.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza fremu ilipoletwa kwako. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unacheka. Tangu marehemu shemeji atutoke sikuwa nimekusikia ukicheka, hata kwenye simu, mpaka huyu bwana alipokuja likizo nami akaanza kukuletea mashati umshonee vifungo ambavyo, ukweli ni kwamba, alikuwa anavikata mwenyewe. Nilivumilia kila kitu kwa ajili ya kicheko kile. Niliona kila nyumba ina uongo wake ukutani, wako ukiwa wa simba si neno. Lakini nilipokuja mara ya mwisho nilimkuta Hakimu amesimama juu ya kochi, miguuni vile viatu vyekundu alivyoletewa na mchumba wako, anawaeleza wateja wako picha ile kwa kidole. "Huyu baba," aliwaambia. "Huyu mimi." Nilipomuuliza nani kamfundisha, alimtaja huyohuyo bwana. Siku hiyo niliaga kabla ya chakula, ukadhani naumwa.

Sasa sikiliza yaliyonifanya niandike. Jana tulikuwa tumeegesha gari, tunasubiri dume aamke. Mchumba wako akaanza kuniita shemeji, jambo ambalo halifanyi mbele ya wageni. Akasema harusi ipo palepale, ila kuna kitu kidogo. Wewe uhamie kwake, sawa, na cherehani moja uje nayo ukitaka. Tatizo ni mtoto. Nitayaandika maneno yake kama alivyoyasema, nisije nikaambiwa nimeongeza chumvi.

"Nyumba yangu ina vyumba viwili, shemeji. Kimoja cha kulala, kingine cha kamera. Mtoto abaki kwa bibi yake."

Nikamuuliza abaki mpaka lini. Akasema mpaka awe mkubwa kidogo, mpaka nyinyi wawili mpate wa kwenu na mtulie. Nikamuuliza: Mama, ambaye ngazi tatu zinamshinda, atamkimbizaje mtoto wa miaka minne. Akasema bibi wote hupenda wajukuu. Nikamuuliza: na Hakimu mwenyewe, anayemshikia mguu mlangoni amfunge kamba za viatu, ataambiwa nini. Akaweka pipi ya mnanaa mdomoni, akanijibu huku anarekebisha lenzi yake kwamba watoto husahau haraka. Kamera zake zisipate vumbi, mdogo wangu. Damu ya shemeji wangu itafutiwa pa kulala.

Sijui kama nimewahi kumdharau mtu kwa kiasi kile. Mwenye ukatili wa kweli angalau unamwogopa. Huyu hata kumwogopa huwezi. Anataka mke bila mtoto kama anavyotaka picha bila iliyofuata, na kazi ya kuikata anataka aifanye mwingine. Maana ndicho alichoniomba. Alisema nikuandikie mimi, kaka mkubwa, kwa kuwa mimi utanisikia. Akisema yeye mwenyewe ataonekana mbaya. Na iwe barua, si simu, kwa sababu barua mtu huirudia mpaka akaizoea.

Nilikubali. Barua aliyonituma niandike ndiyo hii.

Sasa rudi juu kidogo, kwenye zile salamu. Nilipokuwa naziandika alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, anasoma. Lile neno la Mungu kumleta katika familia yetu ni lake, alinitamkia yeye. Alipoona kalamu inakwenda vizuri aliridhika, akaniambia nisijichoshe na maneno mengi, madereva si waandishi, akaenda kuoga. Namsikia hadi hapa, anapiga mluzi. Bahasha nitaifunga kwa gundi mbele ya macho yake, na kesho ataipokea kwa mikono miwili. Hakutaka iende posta wala kwa mtu mwingine. Alisema anataka kuileta mwenyewe, awepo ukiisoma, akufariji ukilia.

Kwa hiyo sasa hivi, kama nimjuavyo, amekaa kwenye kochi lako, chini ya fremu, mguu juu ya mguu, kikombe chako mkononi, anakutazama. Usibadilishe uso. Ndani ya bahasha kuna karatasi iliyokunjwa, bado usiifungue. Ni picha iliyofuata. Hakuifuta. Picha zake zote huniachia mimi nizihamishie kwenye kompyuta ya ofisi ya kambi, maana kazi isiyopigiwa makofi haimhusu. Hii niliitoa kwa mashine ya ofisi, ile ya kutolea ankara za wageni, kwa hiyo rangi si nzuri sana, lakini kila kitu kinaonekana.

Sikuamulii. Wewe ni mtu mzima, na moyo wako unaujua mwenyewe. Nakukumbusha tu kwamba yule jike hakuwa na pa kwenda, wewe una cherehani mbili, una wateja, una Mama, na una mimi. Akirudi huku atadai nifukuzwe kazi. Adai. Wanaotafuta dereva ni wengi, na simba si wanyama pekee duniani.

Ila nakuomba mambo mawili. Kwanza mwite Hakimu, mtume kwa jirani akacheze, akae huko. Kisha ifungue hiyo karatasi, iweke mezani mbele ya kikombe chake, na mwulize kwa upole kabisa: hii, mwenzangu, uliipa jina gani?

Msalimie sana Mama, na asisahau ile dawa. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia. Mwambie Hakimu mjomba anakuja mwisho wa mwezi, na safari hii nitamfundisha kufunga kamba za viatu vyake mwenyewe.

Ni mimi kaka yako, tumbo moja,

Dereva.