Milioni za Tororo Zilizokwama Asembo

Ijumaa. Jua limechoma tangu asubuhi na upepo wa ziwani umegoma kuja. Nimetoka kazini mapema kwa kisingizio cha kuumwa kichwa. Kichwa hakiumi.

Nimekwama, na leo nataka kuandika nilivyokwama.

Mimi ni karani wa duka la kubadilishia fedha hapa Kisumu, karibu na steji ya magari. Kila asubuhi bosi hunitumia bei za siku kwa simu, nami nafuta ubao na kuziandika: Uganda, Tanzania, dola. Nina mwandiko mzuri. Wateja husema hivyo, nami huwa navimba kichwa kidogo.

Mchumba wangu, Othieno, ni mtu wa Tororo, Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Busia. Wazee walipokaa kupatana mahari, baba yake alisema watatoa kwa pesa ya kwao. Baba yangu ni marehemu, kwa hiyo upande wetu alisimama Baba Mdogo, anayeishi Asembo Bay. Alikubali haraka mno. Nadhani alinogewa na neno milioni. Kabla jua halijazama, hata wanawake wanaoanika dagaa wa omena ufuoni walikuwa wamesikia kwamba binti wa marehemu kaka yake ametajiwa mamilioni.

Majira yale shilingi yetu ilikuwa imelegea vibaya. Ukileta milioni za Uganda dirishani kwangu, unaondoka na za Kenya za kutosha, na Baba Mdogo alishapiga hesabu zake kwa bei hiyo. Watu wa Tororo wakachukua miezi kadhaa kujipanga. Katika miezi hiyo shilingi yetu ikainuka. Walipoleta mahari, walileta milioni zilezile walizoahidi, bila kupunguza hata noti, lakini zilipopigiwa hesabu kwa za Kenya zilikuwa zimepungukiwa kiasi cha kununua ng'ombe wawili.

Baba Mdogo alisema tumepunjwa. Baba yake Othieno alisema, tulipatana milioni, tumeleta milioni. Wote wawili wana haki, na hilo ndilo linalonitia wazimu.

Kasisi hatangazi ndoa yetu mpaka wazee waridhike. Nilitaka kuziba pengo kwa akiba yangu, Mama akanikataza huku akilia. Kwetu msichana hajilipii mahari. Ikijulikana, ataitwa mke asiyeolewa na mtu hadi siku ya kuzikwa.

Basi Baba Mdogo akazifungia zile pesa sandukuni na kuamua kusubiri bei ya siku ile irudi. Mwaka umepita na zaidi. Ananipigia karibu kila asubuhi, akiniita mwanangu kwa Kijaluo: "Nyathina, Uganda imeamka aje?"

Nami humjibu, "Inakaribia, Baba."

Uongo mtupu. Nimetafuta bei za miaka iliyopita, nikazifuata kama mtu anayefuata nyayo za mwizi. Kwa miaka mingi shilingi moja yetu ilizoea kununua za Uganda thelathini na kitu. Wakati ule wa mapatano, iliponunua ishirini na kitu tu, ndio ulikuwa wa ajabu. Bei aliyoishika Baba Mdogo ilikuwa mgeni tu, ilipita ikaenda, na sioni dalili kwamba itarudi karibuni.

Sikumwambia kwa sababu niliogopa. Akikata tamaa atazirudisha Tororo, na kwetu mahari ikirudi ilikotoka, ndoa imekufa, hata kama kanisani hamjafika. Nikisema kweli, nampoteza Othieno. Nikiendelea kudanganya, nazeekea dirishani. Othieno mwenyewe amechoka. Siku hizi simu zake ni fupi, nami namwelewa, na kumwelewa hakunisaidii.

Leo Baba Mdogo alikuja mwenyewe. Sikumtarajia. Alisimama kwenye foleni kama mteja yeyote, kofia mkononi, mfuko wa zile pesa kwapani. Alipofika dirishani hakunisalimu. Aliutazama ubao, kisha akanitazama.

"Hizi namba si ni wewe unaandikanga?"

"Ni mimi, Baba."

"Basi andika ile ya siku ile. Nimengoja uandike. Kila siku nasema, huyu ni mtoto yetu, ataandika. Mbona unaninyima?"

Nilidhani nitacheka. Machozi ndiyo yaliyokuja. Mwaka mzima nilimwona mzee mwenye tamaa anayening'ang'ania, kumbe yeye aliona binti wa kaka yake akishika kalamu kila asubuhi na kukataa kumwandikia haki yake. Na kila nilipomwambia inakaribia, alisikia ahadi.

Nikamwambia yote, watu wa foleni wakisikia. Kwamba bei haitoki mkononi mwangu. Kwamba nimeangalia ya miaka na miaka. Kwamba ile anayoingoja haiji, na kwamba nilijua.

"Ulijua?" aliuliza.

Alivaa kofia akatoka. Niliacha dirisha wazi nikamfuata hadi mlangoni. Gari la kwao Asembo lilikuwa likipakia upande huu wa steji, la Busia upande ule. Alisimama kitambo, mfuko umebanwa kifuani, watu wakimpita.

Kisha akapanda la Busia.

Simu yake haipatikani. Mpakani kuna wabadilishaji wa barabarani, na huenda ameenda kuzibadilisha huko kwa bei yoyote watakayompa, aniache niolewe. Au anapitiliza hadi Tororo kuwarudishia watu mfuko wao. Othieno amenipigia mara mbili na sijapokea.

Sijui kama leo nimejiozesha au nimejiachisha mwenyewe.